Mbegu Zilizoungua: Namna ya Kuzitoa Udongoni na Kuzihoji

Kwenye uchimbaji wa akiolojia kila mtu ana kitu anachokisubiri. Mmoja anataka fuvu, mwingine shanga, mwingine kigae chenye nakshi. Mimi nausubiri udongo wenyewe, ule ambao wenzangu wakishaupitisha kwenye chekeche wanaumwaga pembeni. Humo ndimo zilimo punje za nafaka, makapi, mbegu za magugu na chembe za mkaa zisizofika milimita mbili, na hizo ndizo zinazotuambia watu wa kale waliokota nini porini, walipanda nini, na walianza lini kuishi kwa jembe.

Nimeuandika mwongozo huu kwa mwanafunzi anayekabidhiwa ndoo na kuambiwa "wewe utashughulikia mimea", na pia kwa msomaji anayetaka kujua habari za kilimo cha kale zinapatikanaje. Kuna jambo moja nitalirudia mpaka likuchoshe: mbegu uliyoishika si chakula kilicholiwa. Kilicholiwa kimeshaliwa. Hiyo uliyoishika iliponyoka, ikaangukia motoni, ikaungua bila kuwa majivu, ikafukiwa. Kabla hujauliza ni ya mmea gani, uliza ilifikaje motoni.

Kwa nini ipo mpaka leo

Mbegu mbichi ikiachwa kwenye udongo wenye unyevu itaota, itaoza au italiwa na wadudu. Iliyoungua haina tena cha kumlisha bakteria wala ukungu. Imebaki kaboni, na kaboni hukaa maelfu ya miaka. Lakini si kila moto unafaa. Moto mkali wenye hewa tele huigeuza mbegu majivu. Zinazosalia ni zile zilizofunikwa na majivu, hewa ikiwa haba, joto likiwa kama nyuzi 200 hadi 400 za sentigredi.

Hapo tayari mizani imeinama upande mmoja. Nafaka hukaushwa na kukaangwa karibu na moto, na punje yake ni ngumu, kwa hiyo tunaiona sana. Mbegu zenye mafuta huvimba na kupasuka. Mboga za majani hazibakii kitu. Mizizi huwa vipande vya mkaa visivyo na umbo, na asiyezoea huvitupa pamoja na mkaa wa kuni. Ndiyo maana matokeo ya Border Cave, pango la Afrika Kusini, yaliyochapishwa mwaka 2020, yalinifurahisha kuliko punje yoyote ya ngano. Ni vishina vya chini ya ardhi vya mmea wa jamii ya Hypoxis, vilivyoungulia kwenye majivu yapata miaka 170,000 iliyopita. Hapo hakuna shamba. Kuna watu waliochimba, wakabeba mpaka pangoni, wakachoma, wakasahau vichache kwenye majivu. Visingesahauliwa, tusingejua lolote.

Ziko njia nyingine za mmea kudumu. Ukame wa jangwani na wa mapango makavu huhifadhi hata majani. Maji yaliyotuama huhifadhi kwa sababu hewa haifiki: kambi ya Ohalo II, kando ya ziwa la Galilaya, iliungua, ikafunikwa na maji, ikaonekana mwaka 1989 ziwa lilipopungua. Ina miaka kama 23,000 na imetoa makumi ya maelfu ya mabaki ya mimea, shayiri mwitu na ngano mwitu zikiwemo, zilizookotwa zaidi ya miaka 10,000 kabla ya kilimo. Njia ya nne, ambayo mimi naipenda sana, ni alama. Mfinyanzi akichanganya makapi kwenye udongo wa chungu, makapi yataungua tanurini lakini tundu litabaki na umbo lake kamili.

Kwa eneo la wazi lenye mvua, shika kanuni hii: mbegu ambayo haijaungua ni ya juzi. Imeletwa na siafu, panya, mchwa au ufa wa kiangazi. Itenge, iandike kama ya kisasa, endelea na kazi. Na ukisikia mtu anasimulia habari za ngano ya makaburi ya mafirauni iliyoota ilipopandwa, mwachie mwenyewe. Ngano hiyo haijawahi kuota. Mbegu ya mtende ya Masada, ngome ya kale ya jangwani huko Israeli, yenye umri wa miaka kama 2,000, iliota kweli mwaka 2005, lakini mtende si ngano, na Masada ni pakavu ajabu.

Kuchukua udongo

Wachimbaji wengi huniletea udongo wa mekoni tu, wakidhani wamenifanyia hisani. Meko ni mahali pazuri lakini pana hila. Mara nyingi pamesafishwa, na kilichobaki ni moto wa mwisho tu. Nataka pia udongo wa jaa la taka, wa mashimo ya akiba, wa mashimo ya nguzo, wa sakafu na hata wa tabaka linaloonekana halina kitu. Ukichukua kutoka mahali panapong'aa weusi peke yake, utapata picha ya weusi, hutapata picha ya kijiji.

Chukua lita 20 hadi 40 kwa kila sampuli. Tabaka likiwa dogo kuliko hapo, lichukue lote. Pima kwa ndoo yenye alama za lita, si kwa "mfuko mmoja", kwa kuwa baadaye utagawanya idadi ya mbegu kwa lita na mfuko hauna kipimo. Safisha mwiko kabla ya kuhama tabaka. Usichote kwenye njia ya mchwa wala shimo la panya, na kama huwezi kuliepuka, liandike.

Kwa lebo mimi hutumia penseli kwenye karatasi isiyolowa, moja ndani ya mfuko, moja nje. Wino hufutika, na sampuli isiyo na jina ni matope tu. Andika eneo, mraba, tabaka, kina, lita, tarehe na aliyechukua.

Kabla ya kuosha, toa kijiko kikubwa cha udongo uweke kwenye mfuko wake safi. Huo hautaguswa na maji. Ni wa fitolithi na wanga, nitakaoueleza mbele. Chukua pia sampuli moja au mbili nje kabisa ya eneo la kale, kwenye udongo wa kawaida. Hizo zitakuonyesha mbegu zinazozagaa kote bila mkono wa mtu. Na jiwe la kusagia likichomoza, tafadhali usilioshe. Nimewahi kuletewa jiwe limesuguliwa kwa brashi na sabuni, linang'aa, limepigwa picha nzuri. Ushahidi wote uliokuwa kwenye vinyweleo vyake ulikuwa umekwenda na maji machafu.

Kuosha, ambako ndiko kwenye kazi

Mkaa ni mwepesi kuliko maji, udongo na mawe ni mazito. Hiyo ndiyo siri yote. Lakini ilichukua muda watu kuitumia. Ali Kosh, kwenye tambarare ya Deh Luran huko Iran, wachimbaji walipochimba mara ya kwanza mwaka 1961 waliandika kwamba mabaki ya mimea ni haba. Mwaka 1963 walirudi na Hans Helbaek, bingwa wa mbegu za kale kutoka Denmark, wakauosha udongo kwa maji. Zikatoka mbegu zaidi ya 40,000. Kilima kilikuwa kimejaa mbegu toka juu mpaka chini, na wao wenyewe walikiri baadaye kwamba kilichokuwa haba ni uwezo wao wa kuziona. Mwaka 1968 Stuart Struever wa Marekani alichapisha maelezo ya mbinu hiyo, na toka hapo mchimbaji asiyeosha udongo hana tena cha kujitetea.

Tangi lenye pampu ni zuri, lakini ndoo inatosha. Utahitaji ndoo mbili kubwa, maji mengi, kitambaa au wavu wa matundu ya milimita 0.25 hadi 0.3, na wavu mwingine wa milimita 0.5 au 1.

Acha udongo ukauke kivulini kwanza. Udongo mbichi ukiuingiza majini hushikamana, na punje iliyolowa hugoma kuelea. Jaza ndoo maji nusu na kidogo, mimina udongo lita mbili au tatu, si zaidi. Koroga kwa mkono taratibu, vidole vikiwa wazi, ukivunja mabonge chini. Usitumie mti wala mwiko, kwa sababu mkono unajua bonge na unajua mfupa. Subiri sekunde chache tope zito litue, kisha mimina maji ya juu polepole kupitia kitambaa. Utaona utando mweusi unasogea kuelekea ukingoni. Acha kumimina kabla mchanga haujafika. Ongeza maji, koroga tena, mimina tena, mpaka maji yatoke bila weusi. Kwa kawaida ni mara nne au tano, ila usihesabu, tazama maji.

Udongo wa mfinyanzi utakuudhi. Uloweke kwanza kwenye maji yenye magadi ya kuokea kwa saa chache, hata usiku kucha, na utalegea. Usiuponde.

Kilichozama nacho usikimwage. Kipitishe kwenye wavu mpana, ukioshe na ukianike. Humo mna mifupa ya samaki, shanga ndogo na mbegu zilizoingiwa na udongo zikawa nzito. Maganda magumu ya njugu na kokwa huzama mara nyingi.

Kisha kukausha. Funga kitambaa kama kifurushi pamoja na lebo yake, kining'inize kivulini penye hewa. Jua kali hukausha upande mmoja haraka, punje ikapasuka vipande vinne, na punje iliyopasuka mara nyingi haitambuliki tena. Siku mbili au tatu za kivuli ni nafuu kuliko kazi nzima kuharibika.

Unataka kujua kama unaosha vizuri? Weka mtego. Mwaka 1982 Gail Wagner alieleza jaribio rahisi: choma mbegu za popi, ndogo sana, tia idadi unayoijua, tuseme 50 au 100, kwenye udongo kabla ya kuosha, kisha hesabu ngapi zimetoka. Zikitoka 90 kati ya 100, endelea. Zikitoka 40, tatizo si watu wa kale. Chagua mbegu ya mmea usioweza kuwepo eneo lile, la sivyo utajichanganya mwenyewe.

Mezani

Chekecha vilivyoelea kwa matundu ya milimita 4, 2, 1 na 0.5, kila ukubwa peke yake. Macho huchoka upesi yakichanganyiwa vikubwa na vidogo. Mimina kidogo kwenye kisahani, weka chini ya hadubini ya kukuza mara 10 hadi 40, na uvisogeze kwa brashi laini ya rangi. Kibano kibanie mawe. Punje ya kale haistahimili chuma.

Vitabu vyenye picha vinasaidia, lakini hakuna kinachoshinda mkusanyiko wako mwenyewe wa mbegu za sasa. Kusanya za mazao na za magugu, chukua nusu, zifunge kwenye karatasi ya alumini, zichome mpaka ziwe nyeusi, uziweke kando ya zile mbichi. Utashangaa zinavyobadilika. Punje ya mtama huvimba na kuwa duara zaidi, ngozi ikapasuka. Kunde hupoteza ganda, na ganda likienda, linakwenda na kovu la pale ilipokuwa imeshikamana na kiganda chake, alama uliyokuwa unaitegemea. Ulezi mara nyingi hubaki kijiduara chenye vipele vidogo kwenye ngozi yake, na vipele hivyo ndivyo vinavyoutenganisha na mbegu za majani mengine zenye ukubwa uleule.

Usilazimishe jina. Kuna ngazi nne kwenye daftari langu: najua, inafanana na, ni ya jamii fulani, na haijulikani. Safu ya mwisho huwa ndefu, na daftari la mtu ambalo safu hiyo ni tupu mimi silisomi kwa utulivu.

Kovu la suke

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo swali la kilimo linapojibiwa.

Suke la nafaka mwitu likikomaa hujivunja lenyewe. Kila punje inakatika kwenye kiungo chake, inaanguka, inajipanda. Kiungo hicho kimeandaliwa kukatika, kwa hiyo ukikitazama chini ya hadubini kovu ni laini, limekatika safi. Sasa fikiria watu wanaovuna kwa kukata masuke na kubeba nyumbani. Punje zilizolegea zimeshaanguka njiani. Zinazofika ni zile za mimea michache yenye kasoro, ambayo masuke yake hayaachii. Wakipanda sehemu ya mavuno hayo mwaka unaofuata, kasoro inaongezeka shambani. Vizazi vingi baadaye shamba zima lina masuke yasiyoachia, yanayongoja mtu ayapure. Na punje iliyopurwa kwa nguvu huacha kovu lililochanika, lenye nyuzi na kingo mbaya.

Kwa hiyo unachotafuta ni makapi, si punje. Viungo vya masuke, vipande vya milimita moja au mbili, vichafu, visivyo na sura. Vihesabu: vingapi laini, vingapi vimechanika, vingapi huwezi kusema. Uwiano huo ndio habari. Kovu moja lililochanika halithibitishi kitu, kwa sababu hata shayiri mwitu ikivunwa mbichi huwa na sehemu ndogo ya makovu ya namna hiyo, kama asilimia 10.

Mwaka 1990 Gordon Hillman na Stuart Davies walikadiria kwamba watu wakivuna na kupanda kwa namna inayofaa, badiliko hili lingeweza kukamilika kwa chini ya miaka 200, pengine hata 20 au 30. Makadirio yale yalikuwa mazuri, ila udongo ulikataa. Ken-ichi Tanno na George Willcox walipohesabu makovu ya ngano kutoka maeneo ya kale ya kaskazini mwa Syria na kusini mashariki mwa Uturuki, mwaka 2006, waliona makovu yaliyochanika yakipanda polepole kwa zaidi ya miaka 1,000. Mpunga nao ukasema hivyo hivyo: Tianluoshan, mashariki mwa China, makovu yasiyo ya mwitu yaliongezeka kutoka asilimia 27 hadi 39 ndani ya miaka kama 300, yapata miaka 6,900 hadi 6,600 iliyopita. Watu walilima, wakaendelea kuokota porini, wakachanganya, kwa vizazi na vizazi. Mimi neno "mapinduzi" kwa kilimo silitumii tena.

Afrika ilichelewa kuonekana kwenye hesabu hizi, na sababu kubwa ni kwamba hapakuoshwa udongo wa kutosha. Lakini tazama eneo la KG23 huko mashariki mwa Sudan. Vigae vyake vilichimbwa miaka mingi kabla, vikakaa kwenye ghala. Watafiti walipomimina silikoni kwenye vitundu vya makapi na kuitoa, wakapata umbo la viungo vya mtama, vingine vya mwitu, vingine vimechanika. Umri ni kati ya miaka 5,500 na 5,000, na ndio ushahidi wa mapema wa mtama unaobadilika kuwa wa shamba. Kilichochapishwa mwaka 2017 kilikuwa kimelala ndani ya vigae ambavyo tayari vilikuwa vimeoshwa, vimehesabiwa na kufungwa kwenye masanduku. Ukikuta kigae chenye vitundu, kikague kabla hukijarudisha.

Makapi na magugu yanasema kazi iliyofanyika

Nafaka ikitoka shambani hupurwa, hupepetwa, huchekechwa, hutwangwa. Kila hatua ina takataka zake. Kupepeta huondoa makapi mepesi na mbegu nyepesi za magugu. Kuchekecha kwa matundu madogo huondoa mbegu ndogo za magugu. Mbegu za magugu zenye ukubwa wa punje hubaki mpaka mwisho, na huchambuliwa kwa mkono karibu na meko. Hillman alilichunguza hili kwa wakulima wa Uturuki na Glynis Jones kwa wakulima wa kisiwa cha Amorgos huko Ugiriki, wakitazama nini kinatupwa wapi.

Basi sampuli yenye punje safi ni akiba au mapishi. Yenye makapi tele na magugu madogo ni taka za kusafisha. Mtu akikuambia kijiji fulani hakikulima kwa sababu punje ni chache, muulize makapi yako wapi.

Halafu kuna samadi. Pasipo na kuni watu huchoma kinyesi cha ng'ombe au mbuzi, na mbegu walizokula wanyama huungua pamoja nacho. Naomi Miller alilionyesha hili kwa mabaki ya Malyan, Iran, mwaka 1984, na wengi wakalazimika kurudia hesabu zao. Ukiona mbegu nyingi ndogo za majani ya malisho pamoja na vipande vya kinyesi kilichoungua, usiandike "walikula". Waliokula walikuwa na miguu minne.

Visivyoonekana kwa macho

Nitapita haraka, kwa kuwa kazi hii inahitaji maabara. Fitolithi ni vijiwe vya silika vinavyojengeka ndani ya seli za mmea. Mmea ukioza, vyenyewe hubaki. Ni msaada mkubwa kwa mimea isiyoacha mbegu, na mgomba ni mfano bora: fitolithi zake zina umbo la volkano lenye shimo juu. Kwenye kinamasi cha Kuk, Papua New Guinea, fitolithi hizo pamoja na mashimo na matuta ya kale zilisaidia kuonyesha kwamba watu walipanda migomba huko karibu miaka 7,000 iliyopita.

Chembe za wanga hukaa kwenye vinyweleo vya mawe ya kusagia na kwenye ukoga wa meno. Chini ya mwanga uliochujwa huonyesha msalaba mweusi. Shida yake ni uchafu. Watafiti walipopima vifaa vya maabara mwaka 2014 walikuta wanga wa mahindi, ngano na viazi kwenye glavu na vifaa vingine vilivyodhaniwa kuwa safi. Kwa hiyo pima glavu zako, pima maji yako, pima vumbi la meza, halafu ndipo upime jiwe.

Isotopu za kaboni, yaani aina za kaboni zinazotofautiana kwa uzito, kwenye mifupa hutenganisha makundi mawili ya mimea: mtama, uwele, ulezi na mahindi upande mmoja, ngano, shayiri, mpunga na kunde upande wa pili. Haziwezi kukuambia kama mtu alikula mtama au alikula nyama ya ng'ombe aliyelishwa majani ya kundi hilohilo.

Ipime umri mbegu yenyewe

Ukisahau yote ya juu, hili lishike. Umri wa tabaka si umri wa mbegu. Mbegu ni ndogo, hupenya.

Wadi Kubbaniya, karibu na Aswan nchini Misri, punje za shayiri zilikutwa kwenye kambi zenye umri wa miaka kama 17,000 hadi 18,000. Mwaka 1979 ilitangazwa kwamba pengine kilimo kilianza kwenye Nile muda mrefu kabla ya kwingine kote. Baadaye punje zenyewe zikapimwa moja moja kwa kaboni-14, kaboni yenye mionzi inayopungua kadiri miaka inavyopita, na hazikufika hata miaka 5,000. Zilikuwa zimeshuka kutoka juu. Wachimbaji walelewale ndio waliochapisha masahihisho, na hilo nawaheshimu nalo. Kambi haikuwa tupu, ilikuwa na vifundo vya ndago, gugu linalomsumbua kila mkulima, na hivyo ndivyo vya zamani kweli. Watu walivichimba na kuviandaa kwa ustadi.

Mexico nako, magunzi ya mahindi ya bonde la Tehuacán yaliyodhaniwa kuwa na miaka kama 7,000 yalipopimwa moja kwa moja mwaka 1989 yalionekana machanga zaidi kwa miaka mingi. Magunzi ya pango la Guilá Naquitz, huko Oaxaca, yakafika kama miaka 6,250. Mbegu za boga za pango hilohilo, nazo zikapimwa zenyewe, zikasimama kwenye miaka kama 10,000.

Siku hizi kipimo kinahitaji miligramu chache tu, punje moja inatosha. Piga picha na pima vipimo vyake kabla ya kuipeleka, kwa maana haitarudi. Chagua mbegu ya mmea wa msimu mmoja, usichague mkaa wa gogo, ambao mti wake huenda uliishi miaka 200 kabla ya kukatwa. Mfano mzuri wa kazi hii ni Kakapel, pango la magharibi mwa Kenya chini ya mlima Elgon, matokeo yake yalichapishwa 2024. Udongo uliooshwa ulitoa kunde iliyopimwa yenyewe ikaonekana ina miaka kama 2,300. Mtama na ulezi walau miaka 1,000. Pale mazao hayakuja kwa siku moja, yalikuja moja moja, yakakutana na watu waliokuwa na mifugo na bado wanawinda.

Kuhesabu bila kudanganya

Shada moja la ulezi lina mamia ya punje. Kiazi kikuu kimoja ni kimoja. Ukiandika "ulezi asilimia 95" hujasema lolote kuhusu mlo. Andika mambo mawili: mbegu kwa lita ya udongo, na sampuli ngapi kati ya zote zina mmea huo. La pili ndilo ninaloliamini zaidi, kwa sababu kishindo cha shimo moja lililoungua na akiba yake hakiwezi kulivuruga.

Hesabu ya namna hii, kwenye maeneo 18 ya pwani ya mashariki ya Afrika na visiwa vyake, ndiyo iliyoonyesha mwaka 2016 tofauti kubwa: bara na visiwa vilivyo karibu, uwele, mtama na mazao mengine ya Kiafrika ndiyo yaliyotawala, wakati Komoro na Madagaska ziling'aa kwa mpunga, choroko na mazao mengine ya Asia. Punje za mchele zilizoungua zikawa ushahidi wa safari za watu wa Asia ya Kusini Mashariki kuvuka bahari, jambo ambalo lugha ya Kimalagasi, yenye asili ya hukohuko, ilikuwa imelisema siku zote na vigae vilikuwa havijalithibitisha.

Unapochapisha, weka jedwali zima, pamoja na sampuli zilizotoa sufuri. Sufuri ya lita 40 ni matokeo. Sufuri ya lita 2 si kitu. Andika ukubwa wa matundu ya wavu wako, kwa sababu aliyetumia milimita 1 hawezi kulinganishwa na aliyetumia 0.3, hasa kwa ulezi. Mbegu zihifadhi kwenye vichupa vigumu, si mifuko laini, kila kichupa na lebo ndani. Ule mfuko wa udongo ambao haukuguswa na maji, ufunge vizuri, uandike "usioshwe" pande zote mbili, na umkabidhi mtunza ghala kwa maandishi.